Kibao cha Mkono wa Kushoto

Jamani, Verediana alikuwa na mdomo. Hilo halina ubishi, hata yeye mwenyewe alikuwa akilisema kwa kujisifu. Wanawake wote walioanika dagaa kwenye mwalo wa Bangwe, pale ufukoni mitumbwi inapofikia, walimjua: mjane wa Kiha, mwili wa kujaa, kanisani anaimba sauti ya pili, mwaloni anagomba kwa sauti ya kwanza. Ukimkanyagia dagaa wake utasikia habari zako na za ukoo wako mpaka kwa babu. Lakini siku ninayotaka kuisimulia, mdomo huo huo ulijifunga, tena ukajifunga pale pale ulipotakiwa kufunguka. Na mtu mwingine ndiye aliyeumia.

Ulikuwa mwaka ule wa elfu mbili na kumi na tano, Warundi walipokimbia kwao wakajaa Kagunga, kijiji cha mpakani, hata mtu akakosa pa kuweka mguu. Walipakiwa melini kuja Kigoma mjini, wakalala uwanja wa mpira, kisha mabasi yakawachukua kwenda kambini, Kasulu huko. Katika hao alikuwemo Calixte Ndayikunda, mwalimu wa michezo kutoka Rumonge, kijana mwembamba mwenye adabu zake. Yeye hakupanda basi. Alijipenyeza kando ya mstari, akaja Bangwe kwa miguu, akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa akitazama ziwa. Verediana alimpita asubuhi, akampita jioni, yule kijana yupo tu.

“We kijana, unamsubiri nani hapo, samaki?” akamuuliza.

“Namsubiri mke wangu, mama,” Calixte alijibu.

Mkewe aliitwa Armelle. Walipokuwa wakikimbia, mtumbwi ulijaa, mwenye mtumbwi akasukuma, mume akajikuta mtumbwini na mke yuko nchi kavu. Kabla ya siku hiyo walikuwa wamekubaliana: wakipotezana, wa kwanza kufika amngoje mwenzake Bangwe, kwa sababu shangazi yake Armelle aliwahi kuuza mawese hapa, na katika Kigoma yote hilo ndilo jina pekee walilolijua wote wawili. Simu Armelle hakuwa nayo.

“Nikienda kambini, naye akashuka hapa, ataambiwa hakuna mtu wa jina hilo,” Calixte alisema. “Atarudi alikotoka. Na kule alikotoka, mama...” Hakumaliza.

Verediana alikuwa na mdomo, lakini roho mbaya hakuwa nayo. Alimpa kijana stoo ya kulala, akampa na kazi: kuteka maji, kugeuza dagaa juani, kufukuza ndege. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Martini, alijua fika kwamba mkimbizi anatakiwa awe kambini. Akajifanya hamnazo. “Ila mama Anatoli,” alimwambia Verediana, maana Anatoli ni mwanawe wa kwanza, “huyo mgeni wako asiniletee kesi. Siku akiniletea kesi, gari la kambini likipita anapanda.”

Sasa, ndege. Aliyewahi kuanika dagaa anajua ninachosema. Unawatandaza juu ya chanja, zile meza za wavu, unageuka kuchukua ndoo, mwewe ameshashuka, kunguru wameshakaribishana. Ukipiga kelele wanakutazama tu. Ukirusha jiwe linaangukia kwenye dagaa wako mwenyewe. Calixte alitazama vita hiyo kwa muda, kisha akaomba ruhusa achukue taruma moja, ule ubavu wa mti wa mtumbwi, kutoka kwenye mtumbwi mbovu wa marehemu mume wa Verediana. Alitaka taruma kwa sababu mti wake umejipinda wenyewe tangu ulipoota, haukupindwa kwa moto, kwa hiyo hauvunjiki kwenye kiwiko. Akakata, akachonga, akapiga msasa. Kikatoka kitu cha mabawa mawili, tumbo bapa, mgongo umevimba kidogo, ukingo mmoja mnene na mwingine mwembamba.

“Hiki nini, kiatu cha bata?” Verediana alicheka.

“Bumerangi, mama. Kinakwenda na kurudi.”

“Kinarudi! Kina miguu?”

Calixte alisimama ukingoni mwa maji, upepo wa ziwani ukimpiga shavu la kulia. Hakukishika kama sahani. Alikisimamisha wima, akakilaza kidogo tu upande wa nje, akakirusha kwa nguvu ya kifundo cha mkono. Kikaondoka kikizunguka na kunguruma, kikapita juu ya maji, kikainama, kikakata kona juu ya mitumbwi, mwewe wote wakatawanyika wakipiga makelele, kikarudi taratibu kama kilichochoka, naye akakidaka kati ya viganja viwili. Mwaloni hapo akina mama walipiga vigelegele, wengine wakajificha nyuma ya chanja. Honorata, muuza chumvi, alitupa ndoo akakimbia kabisa, na mpaka leo anakataa.

“Ni uchawi?” Verediana aliuliza, nusu mzaha.

“Uchawi wapi, mama. Ni hewa.” Akakizungusha polepole mbele yake amwoneshe. “Tazama. Kikiwa wima na kinazunguka, bawa la juu linakwenda mbele, kule kule kibao kinakokwenda, kwa hiyo linapita hewani kwa kasi kubwa. La chini linarudi nyuma, kasi yake inapungua. Hewa inalisukuma la juu zaidi kuliko la chini. Kingekuwa hakizunguki kingepinduka kikaanguka. Kwa kuwa kinazunguka, hakipinduki, kinageuza njia. Si umeona baiskeli iliyo kwenye mwendo? Ukiinamia upande haianguki, inakata kona.”

“Ego, ndiyo,” Verediana alisema, kwa namna ya mtu ambaye hakuelewa hata nusu.

Ukimwambia Calixte kwamba ni kichezeo cha watoto, anakasirika. Alifundishwa na mwalimu mmoja wa kujitolea aliyetoka Australia, na mwalimu huyo alimwambia kwamba kitu hiki kina wenyewe, wenyeji wa asili wa nchi ile, waliokuwepo kabla meli za Wazungu hazijafika. Wao walikuwa na bumerangi za namna nyingi. Za kuwindia ni nzito, zinakwenda moja kwa moja, hizo hazirudi wala hazitakiwi kurudi. Nyepesi zinazorudi walizirusha juu ya kundi la bata, bata wakadhani ni kipanga, wakashuka chini wakaingia wenyewe kwenye nyavu zilizotandwa mtoni. Nyingine waligonganisha mbili mbili kupigia mdundo wa nyimbo zao. Siku hizi dunia nzima wanashindana: nani atadaka mara nyingi bila kukosea, cha nani kitakaa hewani muda mrefu zaidi. Kule Rumonge alikuwa na klabu shuleni kwake, na kombe lao walilitengeneza kwa bati.

Kitu kimoja tu kilimkera Verediana. Calixte alikuwa wa kushoto. Kula alishajifunza kula kwa kulia, kupokea kwa kulia, kusalimia kwa kulia, maana mara ya kwanza alipompa Verediana kikombe kwa mkono ule, alichapwa kofi la mkono mpaka chai ikamwagika. Lakini kurusha alirusha kwa kushoto.

“Juu ya dagaa wangu?” Verediana aling’aka. “Chakula cha watu, unakipitishia mkono wa chooni? Wateja wakiona? Tumia mkono wa kulia, mkono safi.”

“Mama, hiki kimechongwa cha kushoto. Ukingo mnene uko upande huu. Cha mkono wa kulia kinachongwa kinyume, kama taswira kwenye kioo. Subiri nipate taruma jingine nikuchongee chako.”

“Ubao ni ubao,” Verediana alisema. “Mkono wa kushoto ukiweza jambo, wa kulia utashindwaje?” Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hivyo ndivyo alivyowalea wanawe, kwa kuwafunga kitambaa mkono wa kushoto wakiwa wadogo. Hakuna mtu wa Bangwe ambaye angemwambia amekosea.

Sasa nije kwa Leonia. Leonia alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, naye chanja yake ilikuwa jirani na ya Verediana. Tangu marehemu azikwe, Leonia alikuwa akiisogeza chanja yake kidogo kidogo, leo jiwe, kesho jiwe, akidai mahali pale ni pa kaka yake. Wiki ile waligombana mpaka wavuvi wakaacha kushona nyavu wakaja kutazama. Na katika kugombana huko Verediana akasema, mbele ya kadamnasi, kidole kikiwa usoni mwa wifi yake: “Isogeze tena hiyo chanja, Leonia. Isogeze tena, nitakutoa jicho!”

Ni maneno. Nani hajawahi kuyasema? Mama anamwambia mtoto wake nitakuua, kisha anampakulia wali. Lakini maneno hayo yalisikika.

Asubuhi ya balaa, wanawake wengi wakiwa sokoni, mtumbwi wa kutoka Kagunga ulikuwa ukiingia, na Calixte alikimbia kwenda kuuangalia kama alivyoiangalia mitumbwi yote. Kibao alikiacha kimening’inia kwenye mguu wa chanja. Mwewe wakaja. Walikuwa wengi, wenye njaa, na mmoja akajaza makucha mbele ya macho ya Verediana mwenyewe. Damu ikampanda. Akakinyakua kile kibao, akakishika kwa mkono wa kulia, mkono safi, akasimama kama alivyomwona Calixte akisimama, akakirusha.

Hakikukata kona. Kiliyumba, kikakosa bawa la kushikilia hewa, kikaenda moja kwa moja kando ya ziwa na kushuka, kikizunguka vibaya kama kitu kilichokasirika, mpaka kwenye chanja ya pili. Kule Leonia alikuwa ameinama akitoa uchafu kwenye dagaa. Akainua uso kwa sababu alisikia mngurumo. Hapo ndipo kilipompata.

“Yooo, nakufa! Jicho langu!”

Verediana akakimbilia nyuma ya stoo yake, akakaa chini. Alisikia watu wakikimbia. Alisema moyoni, inuka, mwendee, sema. Akainuka. Akajichanganya na wanawake waliokuwa wakija mbio kutoka sokoni, akafika nao, akachungulia juu ya mabega yao, na mdomo wake ule, mdomo usiomwogopa mtu, ukatoa maneno mawili tu: “Kuna nini?”

Basi. Hayo tu. Lakini mtu aliyeuliza kuna nini hawezi tena kusema ni mimi. Amejifungia mlango mwenyewe.

Leonia alibebwa kupelekwa zahanati, uso wote damu. Honorata ndiye aliyekiokota kibao, akakiinua juu watu wakione. “Hiki cha nani? Si cha yule Mrundi?” Na Calixte alikuwa akirudi kutoka kwenye mtumbwi, mikono mitupu, uso umemshuka kwa sababu Armelle hakuwemo. Akaulizwa. Akakitazama.

“Ni changu,” alisema, kwa sababu kilikuwa chake.

Siku iliyofuata Mzee Martini aliitisha kikao pale pale mwaloni. Verediana hakuwa amelala wala kula. Alijikaza, akavaa kitenge cha kanisani, akasimama nyuma ya watu wote. Leonia aliletwa, bandeji imefunika nusu ya uso, akakalishwa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mganga wa zahanati alikuwa amesema jicho haliponi. Leonia hakusema kitu, na wifi huyu naye alikuwa na mdomo wake, kwa hiyo kimya chake kilitisha.

“Tuoneshe kinavyorushwa,” Mzee Martini alimwambia Calixte. “Watu wanasema kinakwenda kinakotaka. Mimi nataka kuona.”

Calixte akakichukua. Akautafuta upepo kwa shavu, akakisimamisha, akakirusha kwa mkono wake wa kushoto. Kikaenda, kikakata kona juu ya maji, kikarudi mkononi mwake bila yeye kuhama hata hatua. Watoto walipiga makofi, mpaka mama zao wakawafinya.

“Kwa hiyo kinakutii,” Mzee Martini alisema taratibu.

“Kinaitii hewa, Mzee.”

“Mimi nimeona kimekurudia mkononi. Mtu anayeweza kukirudisha mkononi, atashindwa kukipeleka jichoni?”

Watu wakanung’unika, naam, kweli. Maskini Calixte! Kule kujua kwake ndiko kulikomtia hatiani. Akajaribu kueleza. Alisema jana alikuwa kwenye mtumbwi wa Kagunga, na wenye mtumbwi walishaondoka kwenda zao, nani wa kumshuhudia? Alisema pia, kwa Kiswahili chake cha polepole, kwamba kibao hiki mkononi mwake kingepinda kulia kuelekea ziwani kabla ya kufika kwa mama Leonia. “Kilichompiga kilikwenda moja kwa moja na kushuka. Kinafanya hivyo kikitupwa na mkono wa kulia tu. Mimi si wa kulia.”

Verediana akajificha nyuma ya bega la mtu. Lakini kijana hakumtazama. Alitazama mchanga.

Na hapo, badala ya watu kufikiri, wakakasirika. “Mkono wa kulia tunao sisi sote hapa!” Honorata alifoka. “Unatuita sisi sote wabaya, wewe wa kushoto ndiye mwema? Tumekupa pa kulala!” Wengine wakadakia. Huyu Mrundi anatutukana. Huyu anataka kutugombanisha. Kwa mara ya kwanza tangu aje, neno Mrundi lilisemwa kama tusi, na lilisemwa na watu ambao nusu ya bibi zao walizaliwa ng’ambo ile ile ya mpaka.

Mzee Martini alinyanyua mkono wanyamaze. “Gari la kambini linapita mchana huu,” alisema. “Atapanda. Mimi nilisema tangu mwanzo, asiniletee kesi.”

Wakati Calixte anakusanya nguo zake, Verediana alimfuata stoo. Alikuja na nia ya kusema, haki ya Mungu. Alikuwa ameshafungua mdomo. Lakini Calixte ndiye aliyeanza.

“Mama, nina ombi,” alisema. “Hapa sina mtu ninayemwamini isipokuwa wewe. Armelle akija, utamjua. Anachechemea kidogo, na akiongea anaziba mdomo kwa kiganja kwa sababu ya jino lililovunjika. Mwambie nipo kambini. Mwambie sikumkimbia. Usiache kuitazama mitumbwi, mama.”

Heri kijana angemfokea Verediana. Angemtukana! Angemwambia najua ni wewe, mwanamke mwongo! Tusi lingekuwa rahisi kulibeba. Lakini anamwachia mke wake. “Sawa, mwanangu,” alisema, na kulisema lile neno mwanangu kulimchoma kuliko yote. Akageuka akajishika ukutani. Je, alijua, kijana huyu? Alilala stoo hii, alijua nani anashinda karibu na kibao kile, nani aliyesema ubao ni ubao. Alijua. Alijua, na hakumtaja, kwa sababu alikula kwake.

Gari lilikuja, lori lenye turubai, limejaa watu na magunia. Calixte akapanda, akakaa ukingoni upande wa ziwa. Dereva akawasha.

“Simamisha!” Verediana alipiga ukelele. Sasa ule mdomo ulifunguka, na watu wa mpaka sokoni waliusikia. “Simamisha gari, we dereva! Ni mimi! Mimi ndiye niliyekirusha! Huyu hakuwepo!”

Watu waligeuka. Kisha, unaweza kuamini? Wakacheka.

“Mama Anatoli, jamani, umempenda kijana?” mmoja alisema.

“Usitake kumwokoa mgeni kwa uongo, mama,” Mzee Martini alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kicheko. “Tunajua moyo wako.”

“Si uongo!”

“Jana ulikuja pamoja nasi,” Honorata alisema. “Nilikuwa mbele yako. Ulinichungulia hapa begani ukauliza kuna nini. Mtu aliyefanya anauliza kuna nini?”

Verediana akaanza kuapa. Aliapa kwa Mungu na Bikira Maria, wakatikisa vichwa. Aliapa kwa kaburi la mumewe, wakamwambia aache kumsumbua marehemu. Uongo wake wa jana walikuwa wameula na kuumeza, na ukweli wa leo wanautema. Dereva alipiga honi, akasema yeye ana safari.

Basi Verediana akafanya lile lililobaki. Alikwenda mpaka kwenye meza ya mwenyekiti, kibao kilikuwa kimewekwa pale, doa la damu lingali kwenye ukingo. Akakishika kwa mkono wa kulia.

“Ondokeni pale kwenye chanja ya Leonia,” alisema. “Ondokeni wote!”

Waliondoka, mbio mbio, kwa namna alivyokuwa usoni. Akaenda kusimama pale aliposimama jana, karibu na stoo yake, miguu pale pale. Akakirusha. Kikayumba, kikakataa kukata kona, kikaenda moja kwa moja kando ya ziwa na kushuka, kikagonga chanja ya Leonia kwenye ukingo wa juu, pale hasa penye damu iliyokauka kwenye mbao. Dagaa waliruka hewani.

Hakuna aliyecheka. Hata yule dereva alizima gari.

Mzee Martini alivua kofia, akaivaa tena, akavua tena. “Shuka, kijana,” alimwambia Calixte. Calixte alishuka na kifurushi chake. Watu walimpisha njia bila kumtazama usoni. Naye hakuwangoja waseme pole, alikwenda zake ukingoni mwa maji, akaketi, akaelekeza uso kaskazini, kwa sababu mitumbwi bado ilikuwa ikija na hakutaka ipite mmoja asiuone.

Sasa macho yote yakawa kwa Verediana. Alisubiri matusi. Aliyataka. Alijua kitakachosemwa, ulisema utamtoa jicho, ukamtoa, na alikuwa tayari kueleza kwamba ni mwewe, ni hasira za mwewe, ni mkono usiojua, ni kibao cha kushoto. Yote hayo yalikuwa kweli. Alikuwa ameyarudia tangu jana mpaka yakawa laini.

“Wifi,” Leonia aliita.

Ndiyo mara yake ya kwanza kuongea tangu zahanati. Verediana akamwendea, akapiga magoti mchangani mbele ya ile ndoo.

“Sitaki maelezo,” Leonia alisema. Jicho lake moja lilikuwa jekundu, halikupepesa. “Wataalamu wa mbao wameshaeleza ya mbao. Mimi nakuuliza moja tu. Kabla hujakirusha, uliniona?”

Honorata alishika mdomo. Na ilikuwa rahisi, jamani, ilikuwa rahisi mno kusema hapana. Kila mtu alishajua kwamba kibao kile hakiukubali mkono wa kulia, kila mtu angesema bahati mbaya, angekuwa amesamehewa kabla jua halijazama. Verediana alikuwa akijiambia tangu jana kwamba alichokiona ni mwewe tu. Lakini alipoulizwa hivyo, naye amepiga magoti, aliiona tena asubuhi ile yote: mwewe, ndiyo, na nyuma ya mwewe ile khanga ya njano, mgongo wa wifi yake ulioinama, na jiwe la chanja lililosogezwa tena usiku. Angeweza kusogea hatua moja akarusha upande wa maji. Hakusogea. Alisema moyoni, acha kipite karibu yake, kimtie adabu.

“Nilikuona,” Verediana alisema.

Leonia alishusha pumzi. Hakulia wala hakutukana. Alinyoosha mkono hewani kuutafuta mkono wa wifi yake, akaukosa, akautafuta tena.

“Basi nipeleke nyumbani,” alisema. “Upande huu sioni njia.”